Kadi moja ibebe kadi zote: jibu kwa mwenye duka wa Ngamiani

Swali: Nina duka la vitambaa na madera hapa Ngamiani, Tanga, na kila mwezi navuka Horohoro kwenda Mombasa kufuata mzigo. Nina kadi nne za benki: ya mshahara wa zamani nilipokuwa mwalimu, ya biashara, ya akaunti ya pamoja na mume wangu, na ya dola. Namba za siri nazichanganya, na juzi ATM ilinimezea moja. Shemeji yangu aliyeko Ujerumani anasema wenzao wana kadi moja janja inayobeba zote. Nimempata kijana mtandaoni anayeziuza laki mbili na nusu. Anataka nimtumie picha za kadi zangu mbele na nyuma, aziingize humo kisha aniletee. Ninunue? Na kama si hiyo, nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, la haraka kwanza. Usimtumie huyo kijana picha ya kadi hata moja. Kama umeshamtumia, acha kusoma hapa, piga simu benki kwa namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe, waambie waifunge, ndipo urudi tuendelee. Kutengenezewa kadi mpya kuna gharama yake, lakini si kitu ukilinganisha na mtaji wa madera.

Picha hizo zina namba ndefu ya kadi, jina lako, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za usalama. Mtu mwenye hayo yote anaweza kununua vitu kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni ng'ambo bila kuulizwa namba ya siri, na si kila duka litakutumia ujumbe wa uthibitisho kwenye simu kabla ya kukata. Huyo kijana hahitaji kukuletea kadi yoyote. Akishapata picha, kazi yake imekwisha.

Kuna na la pili, ambalo ndilo kiini cha swali lako: hakuna picha inayoweza kuhamisha kadi ya benki kwenda kwenye kadi nyingine. Nilifanya kazi kitengo cha kadi benki kabla sijarudi Tanga, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye kadi alielewe, kwa sababu ukilielewa hakuna tapeli wa aina hii atakayekupata.

Chukua kadi yako ya biashara uigeuze. Nyuma kuna utepe mweusi wa sumaku. Ndani ya utepe huo kuna maandishi machache: namba ya kadi, jina lako, tarehe ya mwisho, na tarakimu kadhaa za maelekezo kwa mashine. Maandishi hayo hayabadiliki. Ukichanja, yaani ukipitisha utepe kwenye mashine, leo, kesho na mwakani, mashine inasoma yaleyale. Kwa hiyo mwenye kifaa kidogo cha kusomea anaweza kuyanakili na kuyaandika kwenye utepe wa kadi nyingine, na mashine haitajua tofauti. Ndivyo wizi wa kadi ulivyoenea duniani kwa miaka mingi, na ndivyo pia kadi ya kubeba kadi zote ilivyowezekana hapo mwanzo.

Sasa igeuze tena mbele, uangalie kile kipande cha rangi ya dhahabu. Hiyo ni chipu, na ndani yake mna kompyuta ndogo kamili. Benki inapotengeneza kadi yako hutia humo ufunguo wa siri, nao umewekwa ili usitoke kamwe: hausomeki na mashine ya dukani, wala ATM, wala simu, wala wewe mwenyewe. Unapoingiza kadi dukani, mashine huipa chipu kiasi cha fedha, tarehe na namba ya kubahatisha. Chipu inavichanganya na ufunguo wake na kutoa alama fupi ambayo inafaa kwa malipo hayo tu. Benki yako inao uwezo wa kupiga hesabu hiyohiyo upande wake. Jibu likilingana, malipo yanapita. Mtu akinasa alama ya leo, kesho haimsaidii kitu. Fikiria mzee wa mtaa anayetia sahihi kila karatasi mbele ya macho yako, badala ya muhuri ambao yeyote anaweza kuuchonga pale sokoni Mgandini.

Kwa hiyo mtu akikwambia ataiingiza kadi yako ndani ya kadi yake, muulize ataingiza nini. Utepe anaweza kuunakili kama anayo kadi mkononi. Namba anaweza kuzinakili kwenye picha. Ufunguo wa chipu hawezi, na huo ndio unaofanya kadi iwe kadi.

Shemeji yako hakudanganya, maana wazo lenyewe lilikuwa la kweli na watu wenye akili walilifanyia kazi. Mwezi Novemba 2013, kampuni moja ya San Francisco iitwayo Coin ilitangaza kadi nyeusi yenye kioo kidogo na kitufe. Ulikuwa unazichanja kadi zako kwenye kisomeo kidogo kilichochomekwa kwenye simu, programu inazihifadhi, kisha kadi hiyo moja inakaa na hadi kadi 8. Ukifika kwenye malipo unabonyeza kitufe, kioo kinakuonyesha tarakimu nne za mwisho za kadi uliyoichagua, na utepe wake wa sumaku unajigeuza kuwa wa kadi hiyo. Ilizungumza na simu kwa Bluetooth, na ukiisahau mezani ukaondoka na simu, ilijifunga. Waliotangulia kulipia walitoa dola 50, na bei kamili ilitajwa kuwa 100. Watu waligombania kwelikweli. Mwaka uliofuata wakaja Plastc, ambao walitoza dola 155 mapema kwa kadi yenye kioo kikubwa zaidi na betri ya kuchaji.

Angalia walivyoishia. Coin walichelewa hadi 2015 ndipo wateja wengi walipopata kadi zao. Mwaka huohuo, Oktoba, mitandao mikubwa ya kadi, kama Visa na Mastercard, ilibadili kanuni Marekani: kukitokea wizi dukani kwa kadi yenye chipu na mashine ya duka haisomi chipu, hasara ni ya duka. Wenye maduka wakaanza kubadili mashine. Na utepe wenyewe, katika yale maelekezo niliyoyataja, una tarakimu inayoiambia mashine kwamba kadi hii ina chipu. Mashine mpya ikisoma hivyo inakataa kuchanja na kuandika kwenye kioo kwamba ingiza kadi. Kadi ya Coin ya kwanza haikuwa na cha kuingiza. Walitoa toleo la pili lenye malipo ya kugusisha, yaani kadi inasogezwa tu kwenye mashine bila kuingizwa, ila hilo lilihitaji ridhaa ya benki moja moja. Mei 2016 Fitbit wakanunua teknolojia yao kwa ajili ya saa zao, na tarehe 28 Februari 2017 huduma ya Coin ikafungwa. Plastc walifunga Aprili mwaka huohuo, na walioagiza hawakupata kadi wala fedha zao. Wateja hao walikuwa nchi yenye sheria kali za kumlinda mnunuzi, na kampuni ilikuwa na anwani na wakurugenzi wanaojulikana. Wewe unamtumia mtu laki mbili na nusu kwa laini ya simu.

Hata utepe wenyewe siku zake zinahesabika. Mastercard walitangaza mwaka 2021 kwamba wanauondoa hatua kwa hatua, na ifikapo 2033 hakuna kadi yao itakayokuwa nao. Kifaa kinachotegemea utepe, hata kikiwa kizima na muuzaji wake akiwa mwaminifu, kinazidi kufungiwa milango.

Bila shaka utaniuliza: hao Wazungu wa leo wanatumia nini basi? Nadhani shemeji anazungumzia moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ni kadi ya kati. Maarufu zaidi ni Curve ya London, iliyoanzishwa 2015. Hii hainakili kadi zako. Ni kadi halali ya Mastercard yenye chipu yake yenyewe. Ukilipa, duka linaidai Curve, na Curve papo hapo inaidai ile kadi yako uliyoichagua kwenye programu. Ni ujanja mzuri, nausifu. Unaweza hata kuhamisha malipo ya jana kutoka kadi hii kwenda ile. Lakini inatolewa kwa wakazi wa Uingereza na nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya, kwa hiyo mkazi wa Tanga hana pa kuombea. Shemeji asije akakukatia kadi kwa jina lake akakutumia. Akaunti itakuwa yake, mkataba utakuwa wake, na siku ukiwa na shida hakuna atakayekusikiliza wewe. Shukuru, kataa.

Tena kadi ya kati ina udhaifu wake ambao wanaoisifia huwa hawautaji. Juni 2020 kampuni ya Ujerumani iitwayo Wirecard ilianguka baada ya kubainika kuwa mabilioni ya yuro yaliyokuwa kwenye vitabu vyake hayapo. Curve wakati ule walikuwa wanategemea tawi lake la Uingereza kutoa kadi zao. Msimamizi wa huduma za fedha wa Uingereza akalisimamisha tawi hilo, na kadi za Curve zikalala kwa siku kadhaa mpaka zikarudi. Fedha za watu zilikuwa salama kwenye benki zao, maana Curve haikai na fedha. Lakini fikiria umesimama kaunta, benki yako ni nzima, salio lipo, na malipo hayapiti kwa sababu ya kampuni ambayo hukuwahi kuisikia. Aliyebaki na kadi zake za asili mfukoni alilipa akaenda zake.

La pili, ambalo ndilo lililoshinda, ni simu. Apple Pay, huduma ya kulipia kwa simu za iPhone, ilianza Oktoba 2014, miezi ileile Plastc walipokuwa wanakusanya fedha za watu. Humo namba halisi ya kadi haihifadhiwi kwenye simu. Benki yako, ikiisha kuhakikisha ni wewe, inakubali itolewe namba mbadala kwa ajili ya simu hiyo tu, pamoja na ufunguo wake, vikawekwa kwenye sehemu iliyofungwa ndani ya simu. Simu ikiibiwa, namba mbadala inafutwa na kadi yako inaendelea kama kawaida. Umeona tofauti? Kadi zile za zamani zilipita nyuma ya mgongo wa benki. Hii imepita mlangoni. Kama simu yako ina kifaa cha kulipia kwa kugusisha, nenda tawini uulize kama kadi yao inakubali kuwekwa humo. Waulize wao, usimuulize muuza simu.

Nakuja kwako sasa, maana nadhani shida yako haikuanza na kadi. Una akaunti nyingi kuliko unazozitumia, na kila akaunti imekuja na kipande chake cha plastiki.

Akaunti ya mshahara wa zamani ifunge. Naisema bila kusita. Akaunti iliyolala mara nyingi inakatwa ada ya kila mwezi, na kadi yake ni mlango ambao huuangalii: mtu akichota humo shilingi elfu thelathini, utagundua lini? Hakikisha kwanza hakuna mafao wala marejesho ya mkopo yanayopitia hapo. Hamisha salio, jaza fomu ya kufunga, omba uthibitisho wa maandishi, na kadi uikate vipande mbele yao, mkasi upite katikati ya chipu.

Ya pamoja na mume wako haina haja ya kutembea. Iweke nyumbani, namba ya siri mkumbuke wote wawili, na kila mmoja awe anapata ujumbe mfupi fedha zikitoka.

Zinabaki mbili: ya biashara, na ya dola ambayo nayo inatoka siku za safari tu. Namba za siri ni mbili badala ya nne. Kama bado unazichanganya, benki nyingi zinakuruhusu kubadili namba ya siri kwenye ATM yenyewe, kwa hiyo chagua unayoikumbuka, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa wala tarakimu za mwisho za simu yako. Usiiandike kwenye karatasi ukaikunja pamoja na kadi. Tulikuwa tunazipokea kadi zilizookotwa zikiwa na namba imeandikwa kwa kalamu juu ya plastiki, na moyo wangu ulikuwa unaniuma kila nikiona.

Kuhusu kumezwa: ATM humeza kadi iliyoachwa kwenye mdomo wa mashine muda mrefu, iliyokwisha muda, iliyofungwa na benki, au namba ya siri ikikosewa mara tatu. Kwa unavyosema unazichanganya, mimi naweka dau kwenye hiyo ya mwisho. Ila tafakari hili kabla hujatamani kadi moja. Siku ile mashine ilikunyang'anya kadi moja, ukabaki na tatu. Ingekuwa ndiyo ile moja ibebayo zote, ungerudi nyumbani na nini? Na kadi za namna ile zilikuwa na betri na kioo vilivyobanwa kwenye unene wa kadi ya kawaida, ambao ni milimita 0.76 tu. Betri ya Coin haikuchajiwa. Ikiisha baada ya takriban miaka miwili, kadi imekufa. Mimi singeitia kitu kama hicho kwenye mdomo wa ATM yoyote, Tanga wala Mombasa.

Kwa matumizi ya mjini hapa, ukweli ni kwamba kadi ibebayo zote tayari unayo, nayo ni simu yako. Tangu 2016, pale M-Pesa ilipoungana na mitandao mingine, Mtanzania anaweza kutuma fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine moja kwa moja. Benki Kuu imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu, na ukaja msimbo wa TANQR ili mteja alipe dukani kwako kwa benki au mtandao wowote anaotumia. Kama bado huna lipa namba dukani, omba iliyounganishwa na akaunti yako ya biashara, fedha za mauzo ziingie huko badala ya kukaa kwenye laini yako binafsi. Hapo utaona kadi ya biashara yenyewe unaitoa mara chache sana, labda kwa manunuzi makubwa au kutoa hela ATM usiku.

Kwenye simu weka fedha za matumizi ya siku mbili tatu tu. Mtaji ukae benki. Simu inaibiwa kirahisi kuliko kadi, hasa kwenye msukumano wa stendi ya mabasi, na ukiipoteza jambo la kwanza ni kufunga laini, la pili ni kuipigia benki. Fuata mpangilio huo, maana mwizi mwenye laini yako anapokea na jumbe za uthibitisho zinazotoka benki. Namba za huduma kwa wateja za mtandao wako na za benki ziwe zimeandikwa mahali pengine, kwa mfano kwenye daftari la dukani, kwa sababu siku hiyo simu yenye namba hizo hutakuwa nayo. Na ile namba ya kijana wa mtandaoni, iripoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa namba 15040. Ukinyamaza, kesho atamwandikia mwenye duka mwingine wa Makorora au Muheza.

Imebaki Mombasa. Muuzaji mkubwa akikubali kadi, ya dola inafaa, lakini ulizia benki yako kabla ya safari mambo mawili: inatoza kiasi gani kwa malipo ya nje, na je, kadi imefunguliwa kutumika Kenya. Benki nyingine hufunga matumizi ya nje mpaka uombe, na si vizuri kuyajua hayo ukiwa mbele ya kaunta huku mzigo umeshafungwa. Kwa wauzaji wadogo, tangu 2015 M-Pesa ya Tanzania inatuma fedha kwenda M-Pesa ya Kenya, na mpokeaji anapata shilingi za Kenya moja kwa moja. Linganisha makato na kiwango cha kubadilishia vinavyotokea kwenye simu na unavyopewa pale mpakani, kisha uchague, maana hubadilika.

Na kuna mtego mmoja ambao si wizi lakini unakula faida ya wafanyabiashara wengi. Ukitumia kadi yako Kenya, mashine ya dukani au ATM inaweza kukuuliza kama unataka ukatwe kwa shilingi za Kenya au kwa fedha za akaunti yako, na inakuonyesha hesabu iliyokwisha kupigwa ili uone ni rahisi. Chagua shilingi za Kenya. Ukichagua ile nyingine, kiwango kinapangwa na wenye mashine pamoja na faida yao, na mara nyingi kinakuwa kibaya kuliko cha mtandao wa kadi. Ukiona muuzaji amekubonyezea bila kukuuliza, mwambie aghairi malipo aanze upya kabla hujaweka namba ya siri, na risiti uiangalie: iandikwe KES, yaani shilingi za Kenya, pamoja na tarakimu nne za mwisho za kadi yako.